Dukuduku: Gari la Kukanyaga Lisilokuwapo

Chombo chenye injini kikibaki na pedeli, ujue injini yenyewe haijitoshi. Ndiyo maana nilipoanza kuliunda Dukuduku sikuuliza lina nguvu kiasi gani. Niliuliza linashindwa wapi.

Dukuduku ni gari la magurudumu matatu na wala usilitafute barabarani. Liko ndani ya hadithi ya picha ninayoitunga na mwenzangu, mimi nikiandika na yeye akichora. Nairobi yetu ya kubuni ilizaliwa na reli kama hii tunayoishi: reli ilifika hapa Mei 1899, kilomita kama 530 kutoka Mombasa, kambi ikapigwa kando ya kinamasi, mji ukaota. Tofauti inaanzia hapo. Katika ulimwengu wetu petroli haikuwahi kufika. Treni ni za mvuke, mitambo inakunywa mafuta ya mbegu, na mtu akitaka kutoka stesheni hadi Ngara na magunia mawili ya viazi, ana mkokoteni, ana mgongo wake, au ana Dukuduku.

Mwenzangu alianza na urembo, kama wanavyofanya wengi wanaopenda mitambo ya kale. Mabomba ya shaba ya manjano, saa za mviringo zenye mishale, magurudumu ya meno yamepangwa ubavuni. Nikamuuliza gurudumu hili la meno linazungusha nini. Akasema linapendeza. Sina ugomvi na kupendeza, ila gurudumu la meno lisilozungusha kitu hunikera, na nadhani litamkera msomaji wa Nairobi kuliko wa kwingine, kwa sababu huku chuma hakikai bure. Pipa la mafuta hukatwa likawa jiko. Bati hukunjwa likawa sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mfuniko wa mtaro ukiachwa usiku, asubuhi ni shimo. Mwaka 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu nguzo za umeme. Sasa gari lililovikwa shaba, lilazwe nje Eastleigh, hata Eastleigh ya kubuni, litaamka na nini mwilini?

Tukakubaliana kwamba kila kilicho juu ya Dukuduku kiwe na kazi, na kila chenye kazi kiweze kuharibika. Nusu ya pili ya makubaliano hayo ndiyo iliyotuletea hadithi.

Mvuke tuliukataa mapema kwa gari dogo. Anayetaka kujua mvuke unadai nini aende Makumbusho ya Reli pale karibu na stesheni, asimame chini ya garimoshi namba 5918, Mount Gelai. Aina hiyo yaliundwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, na kila moja lina uzito unaopita tani 250. Najua kuna mvuke wa kiasi kidogo pia, lakini boila hata ikiwa ndogo inataka maji, inataka mtu wa kuichunga muda wote, na ikipasuka haimwulizi mtu kama amelipa nauli.

Tuliangukia injini ambayo siku hizi wachache wanaikumbuka. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart aliipatia hataza mwaka 1890, na ukoo wake ukaenea mashambani na kwenye mashua. Trekta la Lanz Bulldog la Ujerumani, lililotoka mwaka 1921, lilitumia injini ya namna hiyo. Haina plagi ya kutoa cheche. Kichwani pa silinda kuna tungi la chuma ambalo unalipasha moto kutoka nje mpaka liive. Mafuta yakirushiwa humo yanageuka hewa na kuwaka yenyewe. Ikishashika, moto wake wa ndani unaliweka tungi katika joto lake na unaweza kuzima ule wa nje. Madereva wetu wanaliita lile tungi kitunguu.

Kilichonivutia ni kwamba injini hii haichagui mafuta. Mazito, machafu, ya taa, ya mbegu, yote inakunywa. Nairobi isiyo na petroli ikapata riziki hapo hapo: mbarika, mbono, na mukinduri, ule mti wa nyanda za juu ambao kokwa zake zina mafuta na ambao wengi wetu tumeukwea utotoni bila kujua tunakaa juu ya kituo cha mafuta. Wala si ndoto tupu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Lakini uzuri haunisaidii sana mimi mtunzi. Ubaya wake ndio niliokuwa nautafuta, nao upo wa kutosha. Kitunguu hakiwaki mara moja. Unakaa na stovu ya kupampu chini yake dakika kumi na zaidi ukingoja chuma kiwe chekundu. Injini ni nzito kuliko nguvu zake. Ikizungushwa bure bila mzigo kwa muda mrefu, kitunguu kinapoa na injini inazimika. Tena ile ya mipigo miwili, inayowaka kila inapozunguka mara moja, tuliyoichagua sisi, ina kioja chake: inaweza kuanza kuzunguka kinyume na isijali, kwa sababu kwake yote ni sawa.

Hapo pedeli zikapata kazi halali. Dereva anayetaka kuwahi abiria wa treni ya alfajiri hangoji kitunguu kiive. Anaondoka kwa miguu, stovu ikinguruma chini ya kiti, na huko mbele ya safari injini inaungana naye.

Kuungana huko ndiko kulikonipeleka kwa fundi. Ukifunga pedeli na injini kwenye shafti moja bila ujanja, injini ikishika itazizungusha pedeli kwa nguvu na kumpiga mtu miundi. Kuna mzee mmoja anayetengeneza baiskeli pembeni mwa Kamukunji, mahali ambapo nyundo za wafua mabati zinakulazimu kusema kwa kupaza sauti hata ukiwa unasema siri. Ni mtu wa enzi za baiskeli za Black Mamba. Nilimweleza shida yangu, akanisikiliza akifuta mikono, kisha badala ya kunijibu akachukua kutoka kwenye kopo friwili kuukuu, lile gurudumu la meno la nyuma ya baiskeli linaloshika upande mmoja tu. Akaizungusha kinyume ikalia tiki tiki tiki. Akaiweka juu ya jiwe, akaelekeza msumari kwenye kitundu cha ukingoni, akagonga mara mbili tatu, kifuniko kikalegea. Akaimwaga juu ya kipande cha gunia. Vigololi vyeusi vya grisi vikatoka kwanza, vidogo hivi kwamba vilijificha kwenye nyuzi za gunia. Halafu akatoa kwa kucha ya kidole gumba vipande viwili vya chuma, kila kimoja kimekatwa mshazari upande mmoja, na kispringi cha waya mwembamba kinachovisukuma vitoke nje.

"Hii ndiyo inabeba mtu," akaniambia, akikishika kimoja mbele ya macho yangu. "Ikikatika hii, utakanyaga hewa mpaka Thika."

"Na mzee, friwili mbili zinaweza kukaa kwa shafti moja? Moja ya miguu, moja ya injini?"

Akafikiri. "Zinaweza. Mwenye mbio ndiye anavuta. Mwingine anasikiza tu."

"Wakitaka kuvuta wote wawili?"

"Basi lazima wasikizane mwendo."

Nilitoka pale na kitu ambacho nisingekipata kwa kukaa na karatasi. Wasikizane mwendo. Injini ya kitunguu ina mwendo wake usiobadilika sana. Ya kwetu tuliipa mizunguko 360 kwa dakika. Miguu ya binadamu inapenda mizunguko 60 hivi. Maana yake injini inapiga mara sita kila pedeli inapozunguka mara moja. Sita, tena na tena, ikipungua kidogo mlimani na kurudi palepale kwenye tambarare. Abiria anayetaka mguu wake uwe na faida sharti aingie ndani ya mapigo hayo, maana akichelewa friwili yake inalia tiki tiki na injini inabeba peke yake. Watu wakilazimika kushika mapigo pamoja wataimba, hakuna namna. Na mapigo ya sita kwa sita ni nyumbani kabisa kwa mtu wa pwani: chakacha inakwenda hivyo. Kwa hiyo nyimbo za Dukuduku zilipanda na treni kutoka Mombasa, zikabadilishwa maneno Nairobi, zikatiwa matusi Pumwani. Sikuzitunga kwa kutaka ulimwengu wangu uwe na muziki. Zilitoka kwenye hesabu ya meno.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza chombo kabla ya kuwauliza wahusika. Mhusika atakwambia lolote unalotaka. Chombo kinakataa.

Chukua mlima. Nairobi inaonekana tambarare kwa anayepita ndani ya gari, lakini hamali wa soko la Marikiti anayesukuma mkokoteni wa vitunguu ataitaja miinuko yote kwa mpangilio, pamoja na ile ambayo wewe uliapa haipo. Nimetembea nyuma ya mmoja wao kutoka barabara ya Haile Selassie kuelekea juu, na alipofika mahali ambapo mimi niliona barabara iliyonyooka tu, alibadili namna ya kushika vyuma na kuacha kuzungumza. Basi tukapiga hesabu. Dukuduku lenye watu watatu, injini na fremu tulilikadiria kilo 350. Mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100. Injini ya nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, ila hiyo ni kando ya bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu yake, hewa ni nyepesi, na injini inayovuta pumzi yenyewe inapoteza karibu moja ya tano. Zinabaki wati 600. Kwa hizo gari litapanda kilomita 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga bila kujiua, anatoa wati 100. Watatu wakikanyaga, gari linafika kilomita 12. Nusu ya mwendo zaidi, kutokana na miguu.

Nikiwa msomaji ningeziruka namba hizo. Nikiwa mtunzi zimenilisha sura nzima. Kuna wakala anayeuza Madukuduku Mombasa, anayajaribu Kilindini mbele ya mteja, yanakwenda vizuri, mteja analipa. Gari linapakiwa kwenye treni, linashushwa Nairobi, limekonda. Hakuna aliyedanganya, hewa ndiyo imechukua chake. Hilo halijawahi kumzuia mnunuzi kutafuta wa kumkamata shati.

Na ule ubaya wa kitunguu kupoa umetupa utaratibu mzima wa barabarani. Dereva wa Dukuduku hapendi kusimama. Akisimama sana, injini inazunguka bure, kitunguu kinafifia, itabidi stovu iwashwe upya na mafuta ya stovu yananunuliwa kwa pesa. Kwa hiyo anapunguza tu mwendo, abiria anadandia, mzigo unarushwa, kondakta anakimbia kando akimsukuma mama mmoja kwa heshima zote zinazowezekana katika hali hiyo. Mkazi wa Nairobi akisoma hapo anacheka, anajua anachekea nini. Lakini mgeni asiyeijua matatu, gari letu la abiria, ataelewa vilevile, kwa sababu sababu iko kwenye chuma.

Kioja cha kuzunguka kinyume tulidhani kitatuletea ajali za kuchekesha, gari likirudi nyuma sokoni. Mzee wa Kamukunji angetucheka. Kuna friwili upande wa injini, injini ikigeuka kinyume friwili inakataa kushika. Kinachotokea ni kibaya zaidi kwa heshima ya dereva: injini inanguruma, moshi unatoka, gari haliendi popote, na watoto wa mtaa wanajua maana yake. Hapo kondakta anaibana injini mpaka inakaribia kuzimika, kisha anairushia mafuta kwa wakati wake ili igeuke. Kuna makondakta wanaoajiriwa kwa ujuzi huo peke yake.

Ni nani anayekanyaga? Swali hilo nilidhani ni dogo, kumbe ndilo ulimwengu wenyewe. Huko Paris miaka ya 1930 Charles Mochet aliuza magari ya kukanyaga ya watu wawili, yaliyoitwa Vélocar, wawili bega kwa bega kila mmoja na pedeli zake, na baada ya vita mwanawe Georges akatia injini ndogo. Hayo yalikuwa magari ya mtu na mkewe. Dukuduku ni la nauli, na kwenye nauli kila kitu hugeuka mjadala. Tuliamua abiria anayekanyaga alipe nusu. Mara moja wakatokea wenye kukaa kiti cha nusu na kuzungusha miguu bila kusukuma chochote. Kondakta atajuaje? Mzee alikuwa ameshanipa jibu bila mimi kuuliza: angalia cheni ya juu. Mtu akisukuma kweli, cheni ya juu inakaza kama kamba ya nguo iliyojaa mablanketi, akidanganya, inacheza. Tukampa kila abiria cheni yake, upande wake, mahali ambapo kondakta anaiona. Sasa kondakta anaita, "Kiti cha kushoto, cheni inalala!" na gari zima linageuka kumtazama mtu.

Wenye pesa hawakanyagi. Wanalipa nauli kamili na wengine wanakuja na mtu wao wa kuwakanyagia. Kuna mwanasheria katika hadithi yetu anayekanyaga mwenyewe kila siku, na nimeshindwa kuamua kama ni unyenyekevu au ni ubahili. Nimeacha wahusika wengine wabishane, na kila mmoja ana ushahidi.

Mambo mengine yalikwisha haraka. Mwenzangu alikuwa amemvika dereva akala. Akala hutoka kwenye tairi za magari, na magari hatuna, kwa hiyo dereva akapewa ndala za ngozi. Belti inayopeleka nguvu gurudumu la nyuma ni ya ngozi pia, kwa hiyo mvua za Aprili zinaifanya iteleze, na udongo mweusi wa upande wa Embakasi unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Madereva wa huko wameyang'oa. Wa upande wa Kabete, kwenye udongo mwekundu, wanayo bado. Ukimwona mtu amepakwa matope mgongo mzima unajua ametokea wapi, na polisi wetu wa kubuni wamekwishakamata mtu kwa ushahidi huo.

Kinachotugombanisha kwa sasa ni usiku. Mimi nataka taa ya kabidi: kikopo cha maji juu, mawe ya kabidi chini, tone linadondoka, gesi inapanda, unawasha kiberiti. Ni chombo kilichokuwapo, kina harufu mbaya, kinaweza kuharibika kwa njia nyingi, kwa hiyo kinatimiza masharti yetu yote. Mwenzangu anasema kabidi ni ghali kwa dereva wa nauli nusu. Anataka Madukuduku yapite gizani bila taa, abiria wakiimba kwa sauti ili wanaokuja mbele wasikie na kukaa kushoto. Nimemwambia mtu anayepanda mlima akikanyaga hana pumzi ya kuimba hivyo. Anasema basi mlimani ndipo watakapogongana, na huko ndiko anataka hadithi iende. Nimemwachia kurasa chache ajaribu.